Naomba ushauri: lugha ipi ya programu ya kizazi cha nne (4GL, ambapo amri chache hufanya kazi kubwa) kwa kazi nzito ya kanzidata?

Wakuu, habari zenu. Programu yangu ya stoo na mauzo nimeiandika kwa Visual FoxPro 9, lugha ya kanzidata ya Microsoft, na bado naipenda. Shida ni kwamba faili la DBF (jedwali la data) likifika GB 2 ndiyo mwisho wake, na Microsoft walishaitupa mkono tangu 2015. Juzi indeksi (faili la kutafutia rekodi haraka) iliharibika watu wawili wakisevu kwa pamoja, nikakesha naijenga upya.

Nataka kuhama. Progress OpenEdge nimeionja: FOR EACH yake (amri ya kupitia rekodi moja moja) tamu, na kufunga rekodi ili wawili wasiibadilishe kwa pamoja inajua yenyewe, ila leseni ni ya kulipia. PowerBuilder nayo inanivutia kwa DataWindow yake (chombo cha kuonyesha na kuhariri data). Mliozitumia kwenye mifumo ya watumiaji wengi, ipi haijawaangusha? Au nihamie tu C# na SQL? Jibu la "inategemea" nimeshalisikia sana.