Naomba ushauri: nawafundishaje Wachina neno 'play'?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza watu wazima hapa Guangzhou, na neno linalotutesa ni 'play'. Kiingereza kimelibebesha kila kitu: mpira, piano, filimbi, chesi, kuigiza, hata kuweka muziki kwenye simu. Kichina kinatazama mwili unafanya nini. Mpira wa kikapu ni dǎ, yaani kupiga; wa miguu ni tī, kupiga teke; piano na gitaa ni tán, kazi ya vidole; fidla ni lā, kuvuta; filimbi ni chuī, kupuliza. Chesi ina xià, kuigiza kuna yǎn, muziki wa simu una fàng. Basi mwanafunzi ananiambia kwa Kiingereza kwamba jana "alipiga" mpira wa kikapu, na kwa lugha yake yuko sahihi kabisa.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni wán, ambalo wengi walikariri shuleni kuwa ndilo 'play'. Wán ni kucheza, lakini pia ni kutembea na kustarehe na marafiki. Ndiyo maana mhasibu mzima anamwalika mteja wa kigeni "aje kucheza" nyumbani kwake, na mgeni anabaki ameduwaa. Hilo linaweza kumharibia mtu heshima kazini.

Waliowahi kufundisha Wachina, au mliosoma huku, nisaidieni. Nianze na vitenzi vyao kimoja kimoja, au niwape sentensi nzima za Kiingereza wazizoee bila kutafsiri? Na hili la wán mliwaelewesha vipi?