Kuvunja kufuli moja la kumbukumbu kwenye kerneli: nianzie wapi?

biti_tupu
Wakuu, kerneli yangu (sehemu kuu ya mfumo endeshi) ya x86-64 ina kufuli moja la kusoma na kuandika kwa kila nafasi ya anwani. Programu yenye nyuzi nyingi ikianza kugusa kurasa mpya huku uzi mmoja ukiita mmap na munmap (kuomba na kuachia maeneo ya kumbukumbu) mfululizo, kori zote za prosesa zinapanga foleni. Nianze kugawa kwenye jedwali la kurasa (linalotafsiri anwani za programu kuwa za kumbukumbu halisi) au kwenye maeneo ya anwani (VMA)? Na nifunge kwa mpangilio upi nisije nikakwama?

kori_nane
Anza chini, kwenye jedwali, ndiko kazi nyepesi iliko. Weka spinloku (kufuli ambalo anayelisubiri huzunguka bila kulala) moja kwa kila ukurasa wa jedwali la ngazi ya mwisho. Baiti 4096 ni viingizo 512, kwa hiyo kila spinloku inalinda MiB 2 za anwani. Ukiishika huruhusiwi kulala, basi omba ukurasa mpya na uujaze sifuri kabla. Ukishaishika, soma kiingizo upya: uzi mwingine ukiwa umekutangulia, rudisha ukurasa wako na uondoke. Usiposoma upya, ukurasa mtupu unafunika wenye data, na programu inapoteza maandishi yake kimyakimya.

Halafu usizibananishe spinloku hizo kwenye safu moja. Mstari wa kache ni baiti 64. Spinloku kadhaa zikikaa humo, kori zitanyang'anyana mstari huo ingawa kila moja inashika yake.

ukurasa_safi
Ni sawa, ila foleni aliyoieleza itabaki: munmap inashika kufuli kubwa kwa kuandika, na kila hitilafu ya ukurasa (programu kugusa ukurasa ambao bado haumo kwenye jedwali) inalisubiri. Dawa ni kufuli la kila VMA, kama Linux ilivyofanya kwenye toleo 6.4 (2023). Hapo mwandishi (uzi unaobadilisha VMA) hushika mmap_lock, yaani kufuli kubwa, kisha hunakili namba mm_lock_seq ndani ya vm_lock_seq ya kila VMA anayoigusa. Anayeshughulikia hitilafu akikuta namba hizo zinalingana, anajua VMA imefungwa na anarudi kwenye njia ya zamani ya mmap_lock. Mwandishi akimaliza anaongeza mm_lock_seq kwa moja, na VMA zote zinafunguka kwa mpigo. Hakuna haja ya kutunza orodha ya zilizofungwa. Nzuri sana hiyo.

VMA yenyewe itafute chini ya RCU (njia ya kusoma bila kufuli, ambapo kilichoondolewa hakifutwi hadi wasomaji wamalize), na ukishaifunga hakikisha bado iko kwenye mti wa VMA na anwani bado iko ndani yake. Mpangilio: mmap_lock, VMA, spinloku ya jedwali, kamwe usipande juu.

Angalia fork (mchakato kujinakili) pia: funga VMA zote za mzazi kabla ya kunakili majedwali. Matoleo ya mwanzo ya 6.4 hayakufanya hivyo, na programu za nyuzi nyingi ziliharibikiwa data.

biti_tupu
Na TLB (kache ya tafsiri za anwani ndani ya kila kori)? Kwenye munmap naweza kushikilia spinloku huku nikingoja kori nyingine zijibu?

kori_nane
Hapana. Kori inayozunguka ikiisubiri spinloku hiyo hiyo, huku imezima ukatizaji (interrupt), haitapokea ujumbe wako, mtangojana milele. Futa viingizo, kusanya kurasa kwenye orodha, achia spinloku, tuma ujumbe, ngoja majibu yote, ndipo uzirudishe kurasa kwa mgawaji wa kurasa. Ukizirudisha mapema, kori yenye TLB ya zamani itaandika kwenye ukurasa ambao tayari ni wa programu nyingine.

Na ukishamaliza yote hayo, foleni itahamia kwa mgawaji. Kila kori ipe orodha yake ndogo ya kurasa huru, ichote na kurudisha kwa mafungu.