Mama mkwe kamwaga mchicha Jumamosi ya Pasaka, Leicester. Nimwambieje?

MamaPacha

Habari za Pasaka wapendwa. Naomba mawazo, hasa ya wanaolima huku Uingereza.

Mwaka huu nilipata siku zote nne bila zamu, Ijumaa Kuu hadi Jumatatu, haijawahi kutokea. Mume yupo, pacha wapo (miaka sita), na mama mkwe yupo, kaja Februari kutoka Lushoto, anarudi katikati ya Juni. Mpango wangu ulikuwa kulala.

Ijumaa asubuhi namkuta mama dirishani na chai yake, kitenge juu ya koti, koti juu ya sweta. Anamtazama jirani yetu, mzee wa Kiingereza, anavyopanga viazi vya mbegu kwenye mfereji, kimoja kimoja, machipukizi juu. Nami kwa kiherehere nikamweleza kwamba hawa wana desturi ya kupanda viazi Ijumaa Kuu. "Kumbe wanapanda! Sisi tunasubiri nini? Mwezi wa nne huu, na mvua ipo." Kwake Aprili ni masika, na masika mtu mzima hakai dirishani.

Mchana mume wangu kashikishwa beleshi. Udongo wetu ni mfinyanzi, ukinyesha unashika kiatu na kubaki nacho. Mama akauliza jembe. Jembe hatuna. Akalipokea lile beleshi, akaligeuza huku na huku kama mtu aliyepewa kijiko ale ugali, akamrudishia mwanawe bila neno.

Jumamosi matuta mawili yako tayari, akamwaga mchicha. Mbegu tulinunua duka la Wahindi. Alizichanganya na mchanga wa watoto wa kuchezea ili zisianguke fungu moja, akapitisha mkono juu, akatandaza nyasi kavu. Kazi safi, sina la kusema.

Jumapili ndipo balaa. Baba pacha kaficha mayai ya chokoleti bustanini watoto wayatafute. Kayaficha wapi? Kwenye tuta. Utetezi wake: "Pale udongo ulikuwa laini." Wanangu wamelifukua tuta zima kwa mikono kama kuku. Mama alisimama mlangoni na mwiko wa pilau, kimya. Tukakimbia kununua mfuko wa mboji turekebishe, tunafika duka kubwa la bustani, geti limefungwa, maegesho matupu, njiwa wawili tu.

Jumatatu kuamka, nyasi nyeupe, umande umeganda. Mama katoka na kandambili na soksi, kachomeka kidole kwenye tuta, kasema, "Ardhi ya baridi kama samaki." Halafu akamwaga tena mbegu palepale!

Sasa maswali. Zile mbegu zimekufa? Tungeanza lini? Na mama namwambiaje bila kumvunja moyo? Tangu aje, siku hizi mbili za bustani ndizo nimemwona ana raha. Kila jioni ananiuliza kama kuna kilichochomoza, na sasa saa zimesogezwa mbele, saa moja na nusu usiku bado kweupe, kwa hiyo anakwenda kuangalia mwenyewe baada ya chakula.

---

Mzee_wa_Matuta (Birmingham)

Pole mwanangu, na mpe mama shikamoo yangu.

Mbegu ya mchicha haifi kwa baridi, inalala. Inataka udongo wa nyuzi 20 hivi ili iote vizuri, na mwanzoni mwa Aprili udongo wetu mara nyingi hata 10 haujafika. Hatari ni ndege na kuoza kwenye huo mfinyanzi. Baadhi zitaamka zenyewe udongo ukipata joto, kwa hiyo tuta msilifukue tena. Mwambie na baba pacha.

Mimi ilinichukua miaka mitatu kuelewa jambo hili. Kwetu mvua ndiyo inakwambia panda. Huku mvua ipo mwaka mzima, haikwambii kitu. Kinachosema ni joto la udongo na usiku wa mwisho wa baridi ya kugandisha, ambao kwa sehemu zetu hizi unaweza kuchelewa hadi katikati ya Mei. Viazi vya jirani yako viko chini, vimejifunika. Vikitoa majani mapema utamwona anavivutia udongo juu.

Cha kufanya: wiki ya kwanza ya Mei chukueni makopo ya mtindi, toboeni chini, mmwage mchicha, wekeni dirishani penye jua. Mtahamishia nje mwisho wa Mei. Mahindi vilevile, ila yakienda nje yapandwe kwa mraba, mistari minne kwa minne, si mstari mmoja mrefu kando ya uzio. Chavua yake hubebwa na upepo, ukipanda mstari mmoja utavuna gunzi lenye mapengo.

Kuhusu duka: Jumapili ya Pasaka sheria ya Uingereza na Wales inafunga maduka yanayozidi mita za mraba 280. Vile viduka vidogo ndivyo vinafungua. Hata mimi nimewahi kwenda kuangalia njiwa.

---

Sukuma_Glasgow

Wee, mbona mnahangaika na terere Aprili? Pandeni sukuma! Sukuma hapa Scotland inakaa na theluji kichwani na haishtuki. Unaisia saa hii, nje, bila dirisha. Shida yake ni njiwa, watakula wabakishe vijiti, kwa hivyo nunua neti. Na wale konokono wasio na nyumba, hao toka na tochi usiku uwaokote. Nimejaribu maganda ya mayai, wakapita juu wakiendelea na safari.

Mathe mpe kazi ya sukuma na njegere wakati mchicha umelala. Mtu wa shamba usimwambie "ngoja" bila kumpa kitu cha kushika.

---

Bint_Mtoni (Maskati)

Huku kwetu mambo kinyume, msimu wa mboga tunaanza Oktoba na saa hizi tunang'oa, jua limeshaanza kuunguza. Kila nchi na saa yake.

Mwanangu, mkweo usimwambie kakosea. Keshajua. Yule aliyetia kidole udongoni akasema baridi kama samaki, unadhani hajajua? Muulize tu, "Mama, kwa baridi hii ungefanyaje?" Kisha nyamaza.

---

Dogo_Kariakoo

Si mnunue tu spinachi dukani jamani, paundi moja mfuko.

---

MamaPacha

Dogo, njoo umwambie mama hivyo mwenyewe.

Bi Mtoni, nimeuliza vilevile ulivyosema. Mama kafikiri kidogo, akasema, "Ningeotesha ndani, jikoni, karibu na moto." Sikuwa nimemtajia makopo ya mtindi! Yamejaa dirishani sasa, kumi na manne, kanikataza kufungua pazia kwa haraka. Sukuma na njegere tumeshasia, neti tumeweka.

---

MamaPacha (Mei 30)

Narudi na habari. Mchicha wa makopo tumeuhamisha Jumatatu ya sikukuu, umefika urefu wa kidole. Mahindi kumi na sita, nne kwa nne, Mzee asante. Sukuma tumeshachuma mara moja vijani vidogo, mume kasema haijai hata sufuria, akala yeye zaidi ya wote.

Lile tuta la Pasaka nalo limeota. Lote, yaani tangu wiki iliyopita kuna zulia jekundu, na katikati yake pacha wameokota yai moja la chokoleti, karatasi yake bado inang'aa, wamelipigania mpaka likavunjika. Mama kainama, kang'oa mche mmoja, kautazama mzizi, kaniangalia.

"Si niliwaambia mvua ipo."