Mjadala: Kinachoamua matumizi ya watu ni mshahara au bei ya mafuta?

Kalamu Kavu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila msimu wa nyongeza ukifika nasikia wimbo uleule: pandisheni mishahara, watu watanunua, biashara zitachangamka. Mimi siuamini. Anayeamua mtu atanunua nini mwisho wa mwezi ni bei ya mafuta. Mshahara ni msindikizaji tu.

Chukua mtu mwenye kipato cha 100. Nauli yake kwa mwezi ni 15. Kazini kapewa nyongeza ya 5, na barua kaandikiwa, kaipiga picha akaiweka hadharani. Mafuta yakapanda kwa theluthi, nauli ikafika 20. Ile 5 imeishia kwa kondakta. Hapo hatujagusa bidhaa zinazoletwa kwa lori. Dukani anaingia na hela ileile ya mwaka jana, anakutana na bei ya mwaka huu.

Karibuni kwa hoja, matusi bakini nayo. Na wenye magari binafsi tafadhali msije kulia hapa, mada inamhusu mtu wa basi.

Nahodha Mstaafu

Mkuu, ulikuwa unakwenda vizuri mpaka mstari wa mwisho. Mwenye gari kakukosea nini? Wengi wetu gari ni la mkopo, benki inakata chake kabla mshahara haujatua. Mwenye basi akipandishiwa mafuta anamtupia abiria. Mimi namtupia nani, mke wangu?

Kalamu Kavu

Mwenye gari ana pa kutokea. Apaki, apande basi na sisi. Mtu wa basi akishindwa nauli anahamia miguu.

Nahodha Mstaafu

"Apaki, apande basi." Kauli hii hutolewa na mtu anayeingia kazini saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Mimi zamu inaisha saa nane usiku. Nionyeshe basi la saa nane usiku nipaki leo leo.

Na ukitaka kujua hali, kasimame sheli nusu saa uangalie. Siku hizi hakuna anayesema "jaza". Watu wanataja hela. Hela ni ileile ya mwezi jana, ila mshale ukipanda unaishia njiani, na kesho kutwa mtu yuleyule yuko pale tena. Huyo ndiye tajiri unayemkataza kulia?

Mama Pacha

Nahodha shusha presha baba, hakuna aliyetaja jina lako.

Hesabu Kali

Niingilie kabla hamjashikana mashati. Mleta mada, hesabu yako ina tundu. Mafuta si gharama yote ya basi. Kuna dereva, matairi, bima, vipuri, rejesho la mkopo. Tuseme mafuta ni asilimia 40 ya gharama. Yakipanda kwa theluthi, gharama yote inapanda kwa asilimia 13 hivi. Nauli ya 15 inakuwa 17. Kati ya ile nyongeza ya 5, mtu wako kabaki na 3.

La pili, mshahara ukipanda haushuki. Mafuta yana wazimu wake: Julai 2008 pipa lilifika dola 147, Desemba ya mwaka uleule lilikuwa chini ya 40. Milton Friedman, mchumi wa Marekani, alilieleza hili mwaka 1957: mtu hupanga matumizi kwa kipato anachotegemea kitadumu, hapangi kwa kitu cha kuja na kupita. Ndiyo maana nyongeza ya mshahara humfanya mtu akope, anunue kitanda, ahamie nyumba kubwa. Petroli ikishuka hakuna anayehama nyumba.

Kalamu Kavu

Huyo Friedman alipanda basi lini?

Nauli haipandi kwa asilimia 13, ndugu yangu. Nauli hupanda kwa sarafu iliyopo mfukoni mwa abiria. Kondakta hana chenji ya asilimia 13, anaruka mpaka kwenye namba iliyo rahisi kudai. Na hiyo Desemba 2008 unayoisifia, pipa lilipoporomoka, nauli nazo ziliporomoka?

Mpita Njia

Hilo la kupanda mbio na kushuka taratibu lina jina lake kwa wachumi: roketi na manyoya. Robert Bacon alilipima mwaka 1991 kwa petroli ya Uingereza. Mafuta ghafi yakipanda, bei ya pampu huruka kama roketi. Yakishuka, bei huelea chini kama unyoya.

Ila Hesabu Kali naye asiseme bei ya mafuta ikishuka watu hawabadiliki. Kuanzia katikati ya 2014 pipa liliporomoka kutoka juu ya dola 100 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016. Taasisi ya utafiti ya benki ya JPMorgan Chase ilitazama kadi za wateja wa Marekani katika kipindi hicho, ikakuta takriban senti 80 za kila dola iliyookolewa sheli zilitumika kwingine. Fedha haikulala benki.

Mama Pacha

Jamani mbona mnazunguka? Mshahara ndio kila kitu, na ushahidi upo. Henry Ford wa Marekani aliwaongezea wafanyakazi wake mshahara mara mbili ili waweze kununua magari anayotengeneza. Wakanunua, akatajirika zaidi. Ilikuwa 1924 kama sikosei. Mwajiri mwenye akili anajua mfanyakazi wake ndiye mteja wake. Mjadala umeisha, tukalale.

Mwalimu Mkorofi

Dada yangu, tukalale baada ya kusahihisha daftari. Ni Januari 1914. Dola 5 kwa siku, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka 9 hadi 8. Na hakufanya ili wanunue magari. Kazi ya kufunga nati ileile kutwa nzima ilikuwa inawakimbiza watu. Mwaka 1913 ili abaki na wafanyakazi takriban 14,000 ilibidi aajiri zaidi ya 50,000. Unamfundisha mtu leo, wiki ijayo hayupo. Zile dola 5 zilikuwa kamba ya kuwafunga wasiondoke.

Tena hazikuwa mshahara wote. Karibu nusu ilikuwa "mgawo wa faida", na ili uupate kiwanda kilituma wakaguzi mpaka nyumbani kwako: unakunywa? Unaweka akiba? Nyumba ni safi?

Nahodha Mstaafu

Ngoja. Bosi atume mtu akague chumba changu ndipo anilipe?

Mama Pacha

Mwalimu, kwani moyoni mwa Ford ulikuwepo? Waliongezwa, hawakuongezwa? Walinunua magari, hawakununua? Basi. Sababu yake abaki nayo mwenyewe.

Mwalimu Mkorofi

Tuseme walinunua, wote 14,000, kila mmoja gari lake. Kiwanda kilikuwa kinatoa magari zaidi ya 200,000 kwa mwaka. Hata asilimia 8 haifiki, na mtu hanunui gari kila mwaka. Hakuna kiwanda kinachotajirika kwa kuwalipa watu wake ili wakirudishie zile zile. Ongezeko la mshahara wa kampuni moja haliinui soko. Labda zipandishe kampuni zote kwa pamoja.

Mama Pacha

Na mimi ndicho ninachosema, wote wapandishe. Sijui unabishana na nani.

Nahodha Mstaafu

Mimi bado niko kwa wakaguzi. Wakikuta vyombo havijaoshwa wanakata kiasi gani?

Dereva wa Usiku

Nahodha, wewe wangekufukuza siku ya kwanza.

Msimamizi

Wakuu, Ford alifariki mwaka 1947, tumwache apumzike. Mada ni mishahara, mafuta na matumizi. Mwenye habari za vyombo aanzishe uzi wake.

Hesabu Kali

Ahsante. Nina jambo kuhusu lori, maana mleta mada amelitaja akalipita mbio. Lori kubwa lenye mzigo wa tani 28 linakula lita kama 35 kwa kilomita 100. Safari ya kilomita 500 ni lita 175. Gawanya kwa tani 28 unapata lita 6 na robo kwa tani. Kwa kilo moja ya bidhaa ni mililita 6 na kidogo, yaani kijiko kimoja cha chai kilichofurika. Dizeli ikipanda kwa theluthi, kilo ile imeongezewa gharama ya theluthi ya kijiko. Sasa mwenye duka akikupandishia bidhaa kwa asilimia 20 na kusema "mafuta yamepanda", ujue amepata kichaka cha kujifichia.

Dereva wa Usiku

Hesabu nzuri, ila inaonekana hujawahi kulala kwenye lori. Lori linarudije? Mara nyingi linarudi tupu, na tupu halirudi kwa maji. Halafu kuna foleni ya mizani, injini inanguruma haiendi popote. Mzigo wa baridi una mashine yake inayokula dizeli hata lori likisimama. Na lori haliingii mtaani: mzigo unashushwa ghalani, unapanda gari dogo la tani moja ambalo kwa kila kilo linakula kuliko mimi. Kijiko chako kizidishe mara tatu mpaka nne ndipo uongee na mwenye duka.

Hesabu Kali

Hata ukizidisha mara nne ni mililita 25. Kichaka kiko palepale.

Nahodha Mstaafu

Narudi kwa Kalamu Kavu, maana hajanijibu. Ati wenye magari tusilie. Novemba 2018 Ufaransa watu walivaa vizibao vya njano wakafunga barabara kwa ajili ya kodi ya mafuta. Walikuwa akina nani? Wengi walikuwa watu wa miji midogo na vijijini, huko ambako bila gari hufiki kazini. Unaona? Mwenye gari na maskini anaweza kuwa mtu mmoja.

Kalamu Kavu

Mimi nilisema wasilie hapa. Ufaransa wakalie tu.

Hesabu Kali

Ila tazameni ule mgogoro ulivyomalizwa. Desemba ileile serikali ilifuta ongezeko la kodi, kisha Rais Macron akatangaza euro 100 kwa mwezi kwa wanaolipwa kima cha chini. Watu walitoka kwa sababu ya mafuta, wakajibiwa kwa kipato. Na sehemu kubwa ya zile euro 100 ilipitia kwenye posho ya serikali, waajiri hawakuguswa. Nani kalipa? Mlipa kodi yuleyule aliyekuwa barabarani.

Mpita Njia

Mkiwa hapo, vukeni mpaka muingie Ubelgiji. Kule mishahara hufuata bei kwa sheria: fahirisi ya bei, yaani kipimo cha jinsi bei za bidhaa kwa jumla zinavyopanda, ikivuka kizingiti, mishahara nayo inapanda, bosi apende asipende. Lakini tangu 1994 fahirisi inayotumika kupandishia mishahara imetolewa vitu vichache. Pombe, tumbaku, na petroli pamoja na dizeli.

Dereva wa Usiku

Pombe nakubali.

Kalamu Kavu

Hahaha! Nahodha umeona? Hata Wabelgiji wamemtoa mwenye gari kwenye hesabu. Amewekwa chumba kimoja na mlevi.

Nahodha Mstaafu

Wamemtoa kwa sababu akiwemo waajiri watalia kuliko mimi. Kitu kinachoruka kila wiki, wanajua wakikiweka mishahara nayo itaruka. Wewe unafurahia nini? Hiyo inamwumiza hata wa basi.

Mpita Njia

Wa basi ana nafuu kidogo, nauli za usafiri wa umma hazikutolewa. Umeme na gesi ya nyumbani navyo vimo. Ndiyo maana baada ya vita vya Ukraine kuanza, Februari 2022, fahirisi ilipaa hata bila petroli.

Kalamu Kavu

Kwa hiyo nauli ikipanda, mshahara unaifuata. Ndicho ninachokidai tangu mwanzo.

Hesabu Kali

Tangu mwanzo wapi? Umeandika mshahara ni msindikizaji tu. Sasa msindikizaji ndiye dawa? Usituruke kimanga, mkuu, maneno yako yako pale juu.

Kalamu Kavu

Nilisema nyongeza isiyoangalia nauli haina maana. Soma kwa utulivu.

Mama Pacha

Hakuandika hivyo, na mimi nimesoma kwa utulivu.

Dereva wa Usiku

Waacheni hao. Mpita Njia, hiyo ya Ubelgiji inachukua muda gani? Bei ikivuka leo, mtu anaona hela lini?

Mpita Njia

Inategemea sekta. Wafanyakazi wengi wa ofisini kwenye kampuni binafsi hungoja Januari. Bei zilipaa mwaka 2022 wote, wao wakapata yao Januari 2023, asilimia 11.08 kwa mkupuo.

Nahodha Mstaafu

Yaani bei ipande Machi, mshahara ufuate Januari? Hiyo miezi katikati mtu anaishi kwa ahadi?

Mpita Njia

Watumishi wa umma hawangoji hivyo. Mwaka ule wa 2022 wao ilikuwa miezi miwili baada ya kizingiti kuvukwa.

Nahodha Mstaafu

Basi nitafutie kazi serikalini huko. Iwe ya mchana.