Uchawi wa mchezo wa mezani: nafasi, pointi au dadu?

Pande20: Wakuu, natunga sheria za uchawi za mchezo wa kuigiza wahusika mezani. Wachezaji 4, kikao cha saa 3, ngazi ya 1 hadi ya 5 basi. Nimebaki na njia tatu: nafasi za uchawi kama za mchezo wa Dungeons & Dragons (D&D), ambapo kila nafasi ni kuroga mara moja na ikitumika inarudi ukipumzika; pointi unazolipia kila uchawi; au kurusha dadu kila unaporoga. Ipi haitavuruga mizani?

KarataNaDadu: Nafasi ndizo rahisi kupima. Katika toleo la 5 la D&D, mchawi wa ngazi ya 5 ana nafasi 4 za uchawi wa daraja la kwanza (mdogo), 3 za la pili na 2 za la tatu. Unajua mapema nguvu zake za siku nzima. Kinachoharibu ni mapumziko: wakipigana mara moja tu kisha wakalala, mchawi anamwaga nafasi kubwa zote raundi za mwanzo na mwenye upanga anabaki mtazamaji. Kikao cha saa 3 hakibebi mapambano mengi, kwa hiyo nafasi zirudi wakifika mahali salama, si kila wakilala.

BintiWaMeza: Mimi pointi sizipendi, japo kwenye karatasi zinapendeza. Toleo hilohilo lina sheria mbadala: daraja la 1 pointi 2, la 2 pointi 3, la 3 pointi 5. Mchawi huyo wa ngazi ya 5 anapata 27, yaani 8+9+10, sawasawa na nafasi zake. Ila mezani anaacha madogo yote na kurusha mipira ya moto, ambayo ni uchawi wa daraja la 3, mara 5 badala ya 2. Kupandisha bei pekee hakusaidii: weka 2, 4, 8 na jumla inakuwa 36, bado mipira 4. Lazima uweke kikomo: daraja la juu kabisa mara 2 kwa siku.

Pande20: Na dadu je? Nataka uchawi uogopwe.

mtunga_sheria: Hapo achana na hizo mbili, chukua dadu za uchawi. Mpe mchawi dadu 1 ya pande 6, iongezeke kila ngazi hadi 4. Akiroga anachagua arushe ngapi. Jumla ndiyo madhara. Dadu iliyotoa 1 hadi 3 inarudi mkononi, ya 4 hadi 6 imekwisha mpaka apumzike. Pigo zito linajilipa lenyewe, huhitaji kuandika hesabu yoyote.

Dadu mbili zikifanana, balaa. Uwezekano wake: dadu 2 ni 16.7%, dadu 3 ni 44.4%, dadu 4 ni 72.2%. Angalia huo mruko wa kutoka 2 kwenda 3. Balaa likiwa la kuua, hakuna atakayegusa dadu ya tatu. Liwe la kubadilisha hali: taa zote zinazima, mchawi anapoteza sauti dakika 10, adui anajua mlipo.

KarataNaDadu: Kuna pia dadu ya pande 20: unairusha ufikishe 10 jumlisha daraja la uchawi, ukikosa uchawi huo umepotea mpaka upumzike. Kwa nyongeza ya +3 dhidi ya 11, unakosa 35%. Mwenye uchawi mmoja wa maana akikosa raundi ya kwanza, amekaa bure kikao kizima. Aruhusiwe kuubakiza kwa kupoteza uhai wa kiasi kitakachotoka kwenye dadu ya pande 4.

BintiWaMeza: @mtunga_sheria dadu 1 mwanzoni ni njaa. Kila dadu inarushwa kwa wastani mara 2, kila mara 3.5, yaani madhara 7 kwa siku. Mwenye upanga wa dadu ya pande 8 na +3, mapigo yake yakimpata adui 65%, anatoa karibu 15 kwa raundi tatu tu.

mtunga_sheria: Kweli. Aanze na 2, zikomee 4 vilevile. Na uchawi wa ngazi ya 1 usiwe wa kuumiza: kulaza walinzi, kufungua kufuli, kuzima sauti. Hapo dadu moja iliyotoa 2 inatosha kulaza walinzi wawili, na upanga hauwezi kazi hiyo.