Kisu cha dharura cha kaiti: cha ndoano au cha wazi chenye meno?

Mpanda_Upepo: Wakuu, wiki hii nanunua kisu cha dharura, cha kujikata kamba za kaiti, lile tiara kubwa linalotuvuta juu ya ubao majini. Nimebaki na viwili: cha ndoano, makali yamejificha ndani, na cha wazi chenye meno. Nichukue kipi?

Nahodha: Unaendesha wapi, karibu na ufuo au mbali? Hanesi, yaani mkanda unaokuunganisha na kaiti, ni ya kiuno au ya kukalia? Bila hayo tutabahatisha.

Bi_Tanga: Ndoano, sina mjadala. Kamba za Dyneema, zile za nyuzi imara za kaiti, ni nyembamba, zikikaza tu ndoano inazikata. Cha wazi, huku mawimbi yanakupiga, utajichoma.

Chumvi: Bi Tanga, kamba ikilegea je? Au mkanda mnene usioingia kwenye mdomo wa ndoano? Rafiki yangu kaiti ilimwangukia kwenye mawimbi, kamba mbili zikamzunguka juu ya goti. Akafyatua mpini wa kuongozea kaiti, akafyatua na kamba ya usalama, haikusaidia, maana kaiti sasa ilikuwa imefungwa kwenye mguu wake. Ikashika upepo tena, ikaanza kumburuta. Kisu kilikuwa mgongoni mwa hanesi. Mkono wa kulia haukufika. Wa kushoto ulifika, akakuta kutu imekigandisha kwenye ala. Wimbi lililofuata ndilo lililolegeza kamba akachomoa mguu. Kovu analo hadi leo. Na kisu chenyewe kilikuwa cha ndoano.

Papa: Hapo tatizo ni kutu na mahali kilipokaa. Tafuta chuma cha H1, aina ya chuma cha pua, hakishiki kutu baharini.

Chumvi: H1 yenye makali ya kawaida hupoteza ukali upesi. Bora ya meno.

Papa: Kwa kazi ya kukata mara moja? Kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka, basi.

Nahodha: Vyuma baadaye. Mpanda Upepo hajajibu.

Mpanda_Upepo: Ziwani, mbali kidogo na ufuo. Hanesi ya kiuno, mfuko wa kisu uko nyuma.

Bi_Tanga: Nyuma hapana! Kihamishie mbele, mikono yote miwili ifike. Na jizoeze kukichomoa umefumba macho.

Papa: Tena usikate kamba moja ya nyuma, zile za kuongozea, ukaishia hapo. Kaiti itaanza kuzunguka na kuvuta zaidi.

Chumvi: Ukizikata zote kaiti inakwenda peke yake, na kule upepo unakoelekea kuna watu.

Bi_Tanga: Mguu wako unakatika, wewe unawaza kaiti?

Chumvi: Nawaza hao watu.

Mpanda_Upepo: Na mkasi wa wapiga mbizi je? Kuna aliyeujaribu kwenye Dyneema iliyolegea?