Arusha: Kaya 2,000, hakuna zahanati, hakuna uwanja, na eka moja na nusu ya mwisho imeshapigwa vigingi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa natoka dukani, nikapita njia ya korongoni, nikakuta lile shamba la mahindi la mwisho limepigwa vigingi. Vimepakwa rangi nyekundu kichwani, kamba ya katani imevutwa kona hadi kona, vijana wawili wanapima kwa futi kamba. Nikaweka mfuko wa unga chini nikahesabu. Viwanja 14, ishirini kwa ishirini. Shamba lenyewe ni eka moja na nusu, yaani kama mita za mraba 6,070. Viwanja hivyo vinakula 5,600. Kinachobaki hata gari la wagonjwa haliwezi kugeuza.

Ndicho kipande cha mwisho cha ardhi tupu mtaani kwetu. Mtaa sitautaja jina, ila uko kusini mwa jiji, ukishaipita Kwa Mrombo ukaendelea kushuka. Mwenyekiti mwenyewe alitutajia kikaoni kwamba tuna kaya zaidi ya 2,000. Hatuna zahanati. Hatuna shule ya msingi ya serikali, hatuna soko, hatuna uwanja, hatuna hata pa kuzika. Ofisi ya mtaa ni fremu ya kupanga kati ya bucha na saluni. Siku ya kikao tunasimama barabarani, na bodaboda zinatupigia honi tuzipishe.

Niwaeleze la kwangu ndipo mtaelewa kwa nini nimeshindwa kulala.

Mwezi wa pili mwanangu wa darasa la tatu alivunjika mkono. Alikuwa anacheza mpira kwenye pagala. Lile pagala limesimama kwenye linta mwaka wa nne sasa, nondo zimechomoza juu, mwenyewe tunaambiwa yuko mkoani. Watoto wamelifanya uwanja wao. Ukiingia ndani utaona goli limechorwa ukutani kwa mkaa, na pembeni wameandika matokeo: Muriet 3, Njiro 2. Nyuma ya ukuta huo kuna shimo la choo ambalo halijafunikwa. Mpira ukaenda huko, mtoto akaufuata. Mungu alimwona, maana shimo lilikuwa limejaa takataka nusu, zikampokea.

Ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Zahanati ya karibu iko mtaa wa tatu kutoka kwetu. Tumefika tumemkuta mlinzi anaota moto, anatuambia mama rudini Jumatatu au nendeni mjini. Nimefunga mkono wa mtoto kwa kipande cha boksi la sabuni na mtandio wangu, tukaingia kwenye bajaji. Wanaoijua barabara yetu wanajua ilivyo baada ya mvua: udongo mweusi ukikauka unabaki na matuta kama mbavu. Kila tuta mtoto analia, mimi nauzuia mkono usicheze, dereva anasema pole mama, pole mama, na hana pa kukwepea. Tulifika saa mbili na nusu. Hogo, yaani ile plasta ngumu ya kushika mfupa, alifungwa saa tano usiku.

Mkono umepona. Lakini Jumatatu iliyofuata watoto walikuwa kwenye pagala lilelile, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kuwaambia waende. Nimwambie mtoto wa miaka tisa akacheze wapi? Barabarani kwenye malori ya mchanga?

Mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwangu alijifungulia ndani ya bajaji mwaka jana, kabla hata hawajaikamata lami. Wote wawili wazima, tunashukuru. Mwaka 2007 serikali ilikuja na mpango wa afya ya msingi, ule wa MMAM, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Sisi tunaitwa mtaa, lakini kuna vijiji vingi havifikii nusu ya watu wetu.

Shule niiseme kwa kifupi kwa sababu wengi mnayaishi haya. Wanangu wanatembea kwenda mtaa mwingine, wanavuka barabara kubwa. Darasa la tatu lina watoto 118, wanaingia kwa zamu, wengine asubuhi wengine mchana. Kiwango cha serikali ni 45. Elimu bila ada imeingiza watoto shuleni tangu 2016 na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, ila mwalimu mmoja mbele ya watoto 118 atamshika nani mkono amfundishe kuandika?

Lakini kilichoniuma kuliko yote ni msiba. Nyumba ya jirani alipanga baba mmoja, fundi wa kupaka rangi, mtu wa watu. Amefariki ghafla. Hapa Arusha mnajua utaratibu: mwenye kihamba (shamba la ukoo) Moshi anasafirishwa, mwenye boma anazikwa bomani. Huyu kwao ni mbali sana, familia haina nauli ya kusafirisha mwili, na mwenye nyumba hawezi kukubali kaburi uani kwake, simlaumu. Tumekaa matangani siku tatu, na siku mbili kati ya hizo wanaume wanazunguka kutafuta mahali pa kumzika. Mjane yuko ndani kwenye mkeka, anasikia watu dirishani wanajadiliana mwili utapelekwa wapi. Hatimaye tulipata upande wa pili wa mji, tukachanga mabasi mawili. Mama yule akitaka kwenda kupalilia kaburi la mumewe, anapanda vifodi viwili kwenda na viwili kurudi.

Sasa turudi kwenye shamba, maana nimegundua sisi sote tunapiga kelele mahali pasipo penyewe. Kila kampeni tunaomba majengo. Uchaguzi wa mitaa Novemba 2024 tuliomba zahanati, tukaahidiwa. Uchaguzi mkuu Oktoba 2025 hivyohivyo. Hakuna aliyeuliza: mtaijenga wapi? Pesa za jengo zinaweza kuja mwaka wowote. Ardhi ikishauzwa ndiyo imekwenda.

Mimi nilinunua 2015. Nilioneshwa karatasi, fotokopi ya ramani imekunjwa mara nne hadi imetoboka kwenye mikunjo. Kulikuwa na sehemu imechorwa mistari, imeandikwa kwa mkono "shule", nyingine "wazi". Leo kwenye "shule" kuna nyumba sita na fremu za maduka. Kwenye "wazi" kuna kanisa na gereji. Nilipokuja kuuliza niliambiwa ile haikuwa ramani iliyopitishwa, ulikuwa mchoro tu wa dalali. Wengi wetu tulinunua hivyohivyo: mashamba ya familia, ndugu wamegawana, kila mmoja anauza mpaka mwisho wa mpaka wake, na hakuna hata mmoja anayeacha hatua kumi kwa ajili ya wote. Urasimishaji, yaani kupimiwa makazi yaliyojengwa bila mpango, ulipokuja tulichanga laki moja na nusu kila kiwanja. Wapima walipata shida hata ya kuipatia barabara upana, sembuse uwanja.

Na watu wanazidi kuja. Sensa ya 2012 Jiji la Arusha lilikuwa na watu 416,442. Sensa ya 2022 ni 617,631. Watu laki mbili waliongezeka ndani ya miaka kumi, na hawakwenda kuishi Clock Tower. Wamekuja huku pembezoni, kwenye viwanja vya ishirini kwa ishirini.

Nitakuwa mkweli, maji yamefika. Ule mradi mkubwa wa bilioni 520 umetutoa kwenye kununua dumu shilingi mia tano. Hiyo inanionesha kwamba pakiwa na nia, jambo kubwa linafanyika. Uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti, wa watu 30,000, nao ni jambo kubwa na nitakwenda kushangilia Taifa Stars. Ninachoomba mimi ni eka moja na nusu.

Tena tunalipa. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani tukinunua umeme wa mita, 1,500 kila mwezi tangu Julai 2023. Kwa mwaka ni 18,000 kwa mita. Kwa mita 2,000 ni milioni 36. Vile viwanja 14 dalali anataka milioni tisa kila kimoja, jumla milioni 126. Miaka mitatu na nusu ya LUKU ya mtaa wetu peke yake inalinunua shamba lote. Najua kodi haigawanywi kimtaa. Nimepiga hesabu hii ili yeyote atakayesema pesa haipo aiangalie kwanza.

Mzee mwenye shamba nilimfuata nyumbani. Sina neno baya juu yake. Alituambia miaka miwili iliyopita kwamba halmashauri ikija na pesa atawauzia wao kabla ya mtu mwingine. Barua ilipelekwa, ina muhuri wa kupokelewa, nimeiona. Amesubiri. Ana wajukuu wa kusomesha na figo inamsumbua. Ameniambia, "Binti yangu, nimengoja mpaka nimechoka." Ningemjibu nini?

Sheria ya mwaka 1967 inairuhusu serikali kutwaa ardhi kwa matumizi ya umma na kulipa fidia. Leo fidia ni ya mahindi na ardhi. Ukiacha mwaka mmoja itakuwa fidia ya nyumba 14, na hapo hakuna atakayethubutu kuigusa. Kwa hiyo ninachotaka si ahadi ya jengo. Nataka mauzo ya shamba lile yasimamishwe, mzee alipwe haki yake yote, ramani ya mtaa ibandikwe ukutani pale ofisini kila mtu aione, na kipande hicho kiandikwe kwa wino kuwa ni cha umma hata kikikaa na nyasi miaka mitano. Watoto watacheza kwenye nyasi.

NYONGEZA: Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba tulifuata viwanja vya bei rahisi, tuvumilie. Ndugu yangu, nilinunua mahali ambapo mshahara wangu ulifika. Mtoto aliyeanguka shimoni hakuchagua kiwanja.

NYONGEZA 2: Dalali amesema malipo ya kwanza ya viwanja yanaanza mwisho wa mwezi. Jumapili saa kumi jioni tunakutana palepale shambani, kwenye mwarobaini. Mwenye fotokopi ya ramani ya zamani aje nayo, hata kama imechanika. Mwenye nakala ya ile barua yenye muhuri aje nayo. Na kama kuna mtu hapa ambaye mtaa wao uliwahi kuokoa eneo la wazi, Arusha, Moshi au popote, aniambie walianzia ofisi gani na walibeba karatasi gani, kwa sababu Jumatatu asubuhi nimeomba ruhusa kazini na nakwenda.